Kila mtu ana lake kuhusu chakula changu: nimsikilize nani?

Swali: Nina miaka 51. Mapema mwaka huu niligundulika nina kisukari aina ya pili, natumia metformin na gliclazide. Daktari aliniambia nipunguze wanga, akaishia hapo. Muuguzi akanipa karatasi ya vyakula vya kula na vya kuacha. Shemeji yangu anasema asali haina shida kwa kuwa ni kitu cha asili. Kwenye simu nimeona video ya mtu aliyeacha wanga kabisa, anasema amepona. Nimejaribu yote hayo. Nimepungua mwili, njaa haiishi, na sukari bado inapanda na kushuka. Sasa nimepangiwa kumwona mtaalamu wa lishe, lakini nimeambiwa ni dakika ishirini tu. Nifanye nini nisije nikatoka na karatasi nyingine?

Jibu: Dada yangu, hiyo miadi tutaifikia. Kwanza kuna jambo lisilosubiri.

Umesema umeacha wanga, na sukari inashuka. Wakati huohuo unameza gliclazide. Dawa hiyo hulihimiza kongosho litoe insulini, na haiulizi kama umekula au hujala. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini gliclazide, glibenclamide, glimepiride na sindano ya insulini zinaweza. Mtu akikata wanga ghafla huku dozi ikiwa ile ile aliyopangiwa alipokuwa akila kawaida, dawa inakizidi nguvu chakula. Hapo ndipo mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio na njaa inakuja kwa kishindo. Kwa hiyo hiyo njaa isiyoisha inaweza kuwa njaa tu, na inaweza kuwa sukari inashuka. Njia ya kujua ni kupima pale pale inapokushika.

Ukikuta iko chini ya 3.9 (milimoli kwa lita; ni 70 kwa mashine inayosoma miligramu kwa desilita), kunywa sukari ya gramu 15 hivi: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji, au nusu glasi ya juisi ya matunda. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Kisha wasiliana na daktari wako siku hiyo hiyo, umwambie wazi: nimepunguza wanga, sukari imeshuka hadi kiasi hiki, je, dozi ya gliclazide ibaki ilivyo? Usiiache dawa kwa uamuzi wako, wala usimsubiri mtaalamu wa lishe, kwa sababu mara nyingi si yeye anayepanga dozi.

Na huko kupungua mwili nako ukutaje kwa daktari. Huenda ni kwa sababu umekula kidogo. Lakini mtu akikonda huku sukari iko juu, ana kiu na anakwenda haja ndogo mara kwa mara, inawezekana mwili umeishiwa insulini. Wapo watu wazima walioambiwa wana aina ya pili, baadaye ikaonekana kinga ya mwili wao wenyewe inaliharibu kongosho polepole. Hao hawasaidiki kwa kubadilishiwa chakula peke yake.

Sasa tuje kwa washauri wako, mmoja mmoja.

Daktari alisema kweli. Kati ya vyote vilivyo kwenye sahani, wanga ndio unaopandisha sukari zaidi. Kauli yake ilikosa kipimo tu: upunguze kutoka ngapi hadi ngapi, na katika mlo upi? Niliwahi kukaa na mgonjwa aliyeniapia kwamba anakula wali kidogo. Nikamwekea sufuria ya wali na sahani, nikamwomba apakue kama anavyopakua kwake. Tulipoupima, ulikuwa vikombe vitatu. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi, kwa hiyo hicho "kidogo" chake kilikuwa gramu 135 kabla hajagusa kitu kingine. Wala hakuwa akinidanganya. Nyumbani kwake kila mtu alipakua hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akipakua kichache kuliko wote.

Karatasi ya muuguzi ina kasoro nyingine. Inavigawa vyakula kuwa vizuri na vibaya, kana kwamba damu inasoma majina. Maharage yana wanga, ila yamebeba pia nyuzinyuzi na protini, hivyo sukari inapanda taratibu. Biskuti zilizoandikwa "hazina sukari" ni unga, na unga ni wanga. Hata mpangilio wa kula una uzito wake. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari aina ya pili chakula kile kile kwa siku tofauti, mara moja wakianza na wanga, mara nyingine wakianza na mboga na protini halafu wanga ukaja mwisho. Mboga zilipotangulia, sukari baada ya kula ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko pale wanga ulipotangulia. Watu 11 ni wachache, nakubali, lakini hilo ni jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe kwenye mlo wako wa leo usiku na lisikugharimu kitu.

Shemeji yako anakupenda, mshukuru. Asali ni sukari kwa asilimia 80 hivi, na kijiko kimoja kikubwa kina gramu 17. Ikishaingia kwenye damu, hakuna anayeiuliza ilitoka kwa nyuki au kiwandani.

Yule wa kwenye video ndiye mgumu zaidi kujibiwa, maana huenda hasemi uongo. Kisukari aina ya pili kinaweza kutulia kwa baadhi ya watu, sukari ikakaa sawa bila dawa. Utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2017, uliwapa wagonjwa chakula maalumu cha kunywa chenye kalori takriban 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao walikuwa katika hali hiyo. Baada ya miaka miwili walikuwa wamebaki asilimia 36. Lakini angalia ni akina nani. Walikuwa na uzito uliozidi, hakuna aliyekuwa amezidisha miaka sita tangu agundulike, hakuna aliyekuwa akitumia insulini, na dawa zao za kisukari zilisimamishwa siku ya kwanza chini ya usimamizi wa wahudumu wa afya. Kilichofanya kazi kubwa pale ni kupunguza uzito. Mtu wa video hakukwambia dawa zake, uzito wake wala muda aliougua. Wewe uliiga sahani yake ukabaki na vidonge vyako.

Unaona kwamba hawa wote hawapingani sana kama ulivyodhani. Wanakujibu bila kukujua. Chama cha Kisukari cha Marekani, katika ripoti yake ya lishe ya 2019, kilisema hakuna mgawanyo mmoja wa wanga, protini na mafuta unaomfaa kila mwenye kisukari. Na mwaka 2015 taasisi ya Weizmann ya Israeli ilifuatilia sukari za watu 800 wasio na kisukari na kukuta kwamba chakula kimoja kinampandisha huyu sana na yule kidogo. Kama ni hivyo kwa wasio na kisukari, sioni ni nani anayeweza kukuandikia karatasi yako kabla ya kuziona namba zako.

Basi tuingie kwenye zile dakika ishirini. Mtaalamu asiyekujua hutumia nyingi kati ya hizo kukuuliza unakula nini, nawe unajibu kwa kukumbuka. Kila mtu hukosea akikumbuka chakula: tunasahau kile tulichoonja jikoni, tunasahau chai ya saa nne, tunapunguza vijiko. Zinabaki dakika chache, hazitoshi kufikiri, na hapo droo inafunguliwa na karatasi inatoka. Fundi cherehani asiyekupima atakupa nguo iliyoshonwa tayari. Nenda ukiwa umeshajipima.

Chukua daftari dogo. Siku tatu au nne zinatosha, moja iwe siku ya mapumziko kwa sababu watu wengi hula tofauti siku hiyo. Andika unapokula, usingoje usiku. Andika kiasi kwa chombo unachotumia kweli, iwe upawa, kikombe au kiganja chako. Vijiti vya kupimia vina gharama, kwa hiyo usipime ovyo mchana kutwa. Chagua mlo mmoja, upime kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, siku mbili tatu mfululizo, kisha uhamie mlo mwingine. Namba moja peke yake haisemi mengi. Zikiwa mbili, ya kabla na ya baada, zinakuonyesha mlo ule ulifanya nini.

Ukurasa mzuri unafanana na huu:

Jumatano, saa 7:15 mchana. Kabla: 6.7. Wali vikombe viwili, maharage upawa mmoja, mboga za majani vijiko vitatu, soda nusu chupa ndogo. Dawa nilimeza asubuhi. Baada ya kula nilikaa mezani kazini. Saa 9:15: 12.4.

Alhamisi, saa 7:10 mchana. Kabla: 6.5. Wali kikombe kimoja, maharage upawa mmoja, mboga nusu sahani, maji. Nilitembea dakika 15. Saa 9:10: 8.9.

Jumatano sukari ilipanda kwa 5.7, Alhamisi kwa 2.4. Mtaalamu akiona kurasa mbili za namna hiyo ana cha kufanyia kazi tangu dakika ya kwanza. Lakini mtu makini atakuuliza: kipi kilichosaidia, wali uliopungua, soda iliyoondoka, mboga zilizoongezeka, au kutembea? Umebadilisha vinne kwa mpigo, kwa hiyo hatujui. Nusu chupa ya soda peke yake ina gramu 15 za sukari au zaidi, na huenda ukaiacha hiyo tu, wali ukapungua nusu kikombe badala ya kikombe kizima, na bado ukafika pazuri. Ndiyo maana nakuomba ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Inachosha, najua, lakini inakuokoa usiache chakula unachokipenda bila sababu.

Namba hizo ni za milimoli kwa lita. Mashine yako ikisoma miligramu kwa desilita, zidisha zangu kwa 18. Kwa watu wazima wengi, ukiacha wajawazito, lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Daktari anaweza kukupa lengo lililolegezwa zaidi kama sukari yako ina tabia ya kushuka, au kama una maradhi mengine, hivyo muulize lako ni lipi.

Wala usibishane na desimali. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinachosimamia mashine hizi kinaruhusu kipimo kitofautiane na cha maabara kwa takriban asilimia 15. Kwa maana hiyo 9.4 ya jana na 10.1 ya leo zinaweza kuwa kitu kimoja. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kupima kuna faida kuliko watu wanavyodhani, maana utomvu wa tunda ulilomenya ukibaki kwenye kidole unaweza kuipandisha namba kwa kiasi cha kukutisha bure.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: ukiamka na sukari ya juu kuliko uliyolala nayo, usikimbilie kulaumu chakula cha usiku. Kuelekea alfajiri homoni huamsha ini limwage sukari kwenye damu. Nimeona watu wakijinyima chakula cha jioni wakitafuta namba nzuri ya asubuhi, na namba haitikisiki. Mara nyingi hilo ni la kuzungumza na daktari kuhusu dawa.

Ukishakuwa na daftari, swali lako linabadilika. "Nile nini?" ni swali ambalo jibu lake ni karatasi. Jaribu namna hii: "Mlo wa mchana unanipandisha zaidi ya 5, wa usiku unanipandisha 2. Nikipunguza wali wa mchana, niweke nini mahali pake ili saa kumi nisishikwe na njaa?" Swali la hivyo halina karatasi iliyoandaliwa. Linamlazimu akutazame wewe.

Mwambie mapema pia mambo ambayo hutayabadilisha. Kama huwezi kuacha chai yenye sukari asubuhi, sema. Kama mpishi nyumbani ni mtu mwingine, au unafanya kazi za zamu, au unafunga, sema. Wagonjwa wengi hutikisa kichwa kukubali kila kitu kwa heshima, wakifika nyumbani hakifuatwi hata kimoja, na mshauri hapati nafasi ya kutafuta njia ya pili. Mimi humheshimu zaidi mgonjwa anayenibishia mezani.

Beba dawa zako zote, hata za presha na za mitishamba, na majibu ya vipimo vya figo kama unayo. Maharage, mboga na matunda ni ushauri mzuri kwa wengi, ila figo zikiwa zimechoka na potasiamu, madini ambayo figo huyachuja, imepanda kwenye damu, orodha inabadilika. Mshauri asiyejua hali ya figo zako anaweza kukushauri vizuri kwa vitabu na vibaya kwako.

Kabla hujainuka kwenye kiti, mrudishie mlichokubaliana kwa maneno yako: kwa wiki mbili nabadilisha jambo hili moja, kwa kiasi hiki, kwenye mlo huu, nitapima wakati huu, nikiona namba hizi nitajua tumefika, nikiona hizi nitakupigia. Kama kuna pengo katika sentensi hiyo, uliza hapo hapo. "Kula mlo kamili" haiwezi kujaza hata nafasi moja kati ya hizo.

Kama kliniki yako haina mtaalamu wa lishe kabisa, muuguzi wa kisukari mwenye uzoefu anaweza kulisoma daftari hilo vizuri tu. Kwa kuanzia tumia sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi: nusu mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga. Si sheria, ila inakupa pa kuanzia kupimia.

Kuhusu washauri wa mtandaoni, sina ugomvi nao wote, wengine wanafundisha vizuri. Ninaowakimbia ni wanaouza kile kile wanachokishauri, wanaokwambia uache dawa za hospitali, na wanaoahidi kupona kwa siku kadhaa. Na uwe mwangalifu na dawa ya asili inayofanya kazi haraka mno. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imewahi kubaini bidhaa zilizouzwa kama mitishamba ya kisukari ambazo ndani yake zilifichwa glibenclamide. Mtu anaimeza juu ya gliclazide yake, anafurahi sukari imeshuka, na haelewi kwa nini amezimia.

Baada ya hapo jipe muda. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo kukirudia baada ya wiki tatu hakukuambii mengi. Ushauri wa lishe uliopangwa vizuri, kwa wenye aina ya pili, hushusha HbA1c kwa pointi za asilimia kati ya 0.3 na 2, na anayeanza akiwa juu zaidi ndiye mwenye nafasi ya kushuka zaidi. Panga miadi ya pili kabla ya kuondoka ya kwanza, maana ya kwanza ni ya kufahamiana, na kazi yenyewe hufanyika mtakaporudi na namba.

Na kama miezi mitatu imepita, daftari linaonyesha umefuata mlichokubaliana, na HbA1c bado iko juu ya lengo, usikubali kurudishwa nyumbani na maneno ya "jitahidi zaidi kwenye chakula". Kongosho hudhoofika kadiri miaka inavyokwenda, na inafika mahali sahani haiwezi kufanya kazi ya dawa. Fungua daftari hilo mbele ya daktari na uombe mazungumzo yawe juu ya matibabu.